Reli za kati ya miji nchini China: kabla ya kasi, stesheni

Tarehe 26 Mei 2024, vipande vinne vya reli vilivyojengwa kwa nyakati tofauti katika delta ya Mto Zhujiang, kusini mwa China, viliungwa na kuanza kuendeshwa kama njia moja. Kutoka Zhaoqing magharibi hadi Huizhou mashariki ni kilomita 258 zenye stesheni 39, na njiani kuna Foshan, Guangzhou na Dongguan. Treni zake zimeundwa kukimbia hadi kilomita 200 kwa saa, lakini abiria anaweza kuzipanda kama anavyopanda metro: anapitisha simu getini, anafika jukwaani, anaingia kwenye treni inayofuata.

Njia hiyo imeamsha upya ubishi wa siku nyingi. Wanaoiunga mkono wanasema eneo lenye makumi ya mamilioni ya watu, viwanda vilivyobanana na barabara zilizojaa haliwezi kuishi kwa mabasi na magari binafsi. Wanaoipinga wanauliza ni nani atalipa, maana njia kadhaa za aina hii zimewahi kuendesha treni zenye viti vitupu kwa miaka. Pande zote mbili zina ushahidi mkononi. Tatizo ni kwamba wote huitetea au kuishambulia reli kwa vipimo viwili tu, yaani kasi na urefu, ilhali hatima ya reli ya kati ya miji huamuliwa na mambo mengine: stesheni imewekwa wapi, treni zinapita kila baada ya dakika ngapi, na abiria anapoteza muda gani kabla hajakaa kitini.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Nchini China, maneno "reli ya kati ya miji" yamebandikwa kwenye vitu visivyofanana kabisa. Njia ya Beijing hadi Tianjin, iliyofunguliwa tarehe 1 Agosti 2008, inaitwa hivyo, na treni zake zinakwenda kilomita 350 kwa saa. Ile ya Shanghai hadi Nanjing, ya Julai 2010, yenye urefu wa kilomita 301, nayo inaitwa hivyo ingawa ni njia kuu ya taifa. Halafu kuna hizi za delta ya Zhujiang, za kilomita 200 kwa saa, zenye kituo kila baada ya kilomita 6 au 7. Mtu akisema "reli za kati ya miji zinalipa" au "hazilipi" bila kutaja ni zipi, amechanganya basi la mikoani na daladala.

Beijing na Tianjin ndio mfano unaopendwa na watetezi, na wana haki. Njia ni ya kilomita zipatazo 117, safari ni nusu saa, na katika miaka 10 ya kwanza ilibeba abiria takriban milioni 250. Lakini tazama ilivyokaa. Stesheni ya Tianjin ipo katikati ya mji, kando ya Mto Haihe. Beijing Kusini ipo ndani ya jiji, na tangu Septemba 2009 inafikiwa kwa metro namba 4. Kila upande kuna jiji la watu zaidi ya milioni 10. Treni ni nyingi kiasi kwamba anayeikosa moja hahangaiki. Baada ya ajali ya Wenzhou ya Julai 2011, iliyoua watu 40, kasi ya njia hii ilipunguzwa hadi kilomita 300 kwa saa, ikarudishwa kuwa 350 mwezi Agosti 2018. Katika miaka hiyo 7 ya mwendo uliopungua abiria hawakuikimbia. Dakika tatu nne zilizoongezeka hazikumkera mtu ambaye stesheni ipo karibu na anakokwenda.

Sasa nenda kusini, kwenye kipande cha Dongguan hadi Huizhou. Ujenzi ulianza 2009. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa tarehe 30 Machi 2016, na iliyobaki mwishoni mwa Desemba 2017. Ina handaki la zaidi ya kilomita 38 chini ya eneo la Ziwa Songshan, kazi kubwa kwa kipimo chochote. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 6 njia hiyo iliishia Daojiao, ndani ya Dongguan, bila kuingia Guangzhou. Mtu wa Huizhou aliyetaka kwenda Guangzhou alifikishwa karibu, akashushwa, akaambiwa ajitafutie usafiri. Treni zilikuwa chache kwa siku, tiketi ilikatwa kwa utaratibu wa reli ya taifa, na treni zikawa na nafasi tele. Wapinzani waliitumia njia hii kama ushahidi kwamba watu hawataki reli. Ushahidi huo unaonyesha jambo jingine: hakuna mtu mwenye haja na nusu ya safari. Ni kama kujenga daraja ukaishia katikati ya mto, kisha ukahesabu wanaolivuka.

Hapo ndipo hesabu ya kasi inapofaa kupigwa kwa penseli, kwa kuwa wanasiasa na magazeti hupenda kuanza nayo. Kilomita 258 zikigawanywa kwa nafasi 38 zilizopo kati ya stesheni 39, wastani ni kilomita 6.8 toka kituo hadi kituo. Tuchukue treni inayoongeza mwendo kwa wastani wa mita 0.4 kwa sekunde kila sekunde, na inayofunga breki kwa mita 0.6. Kufika kilomita 200 kwa saa kunaitaka sekunde 139 na mita 3,860. Kusimama kutoka kwenye mwendo huo kunachukua sekunde 93 na mita 2,570. Jumla ni mita 6,430. Maana yake, katika nafasi ya mita 6,800, treni inaifikia kasi yake ya juu, inakaa nayo kwa mita 370 tu, sawa na sekunde kama 7, kisha dereva anaanza kufunga breki.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa treni ya kilomita 160 kwa saa. Inatumia sekunde 246 toka kituo hadi kituo, na ile ya 200 inatumia sekunde 238. Tofauti ni sekunde 8 hazijatimia. Kwa njia nzima, toka Zhaoqing hadi Huizhou, treni ikisimama kila kituo, tofauti haifiki dakika 5. Na kila inapoondoka kituoni, treni ya 200 inahitaji nishati ya mwendo iliyo kubwa kwa asilimia 56 kuliko ya 160, kwa kuwa nishati hukua kwa mraba wa kasi. Breki za umeme hurudisha sehemu ya nishati hiyo kwenye waya, si yote.

Kuruka kituo kimoja, kwa upande mwingine, kunaokoa karibu dakika 3: dakika moja ya kusimama, na karibu mbili zinazopotea katika kupunguza na kuongeza mwendo. Treni ikiruka vituo viwili imeshapata faida yote ambayo kasi ya 200 ingeipa njia nzima dhidi ya 160. Ikiruka 20, imeokoa saa nzima. Hapo ndipo kasi ya 200 inapoanza kuwa na maana, kwa kuwa treni inapata nafasi ya kuikimbia.

Lakini treni ya haraka haiwezi kuruka kituo ikiwa mbele yake kuna treni ya polepole na hakuna mahali pa kupishana. Kwa hiyo baadhi ya stesheni lazima ziwe na njia nne: mbili za kati za kupita, mbili za pembeni za kusimama. Juu ya ardhi hilo ni suala la kupanua daraja kwa mita mia kadhaa. Chini ya ardhi ni suala la shimo pana zaidi, kuta nene zaidi, maji mengi zaidi ya kuvuta, na nyumba nyingi zaidi za kulipia fidia. Uamuzi huo hauahirishwi, kwa sababu stesheni ya chini ikishamwagwa zege ikiwa na njia mbili, itabaki na njia mbili. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipengele kinachostahili kupiganiwa kuliko vyote kwenye meza ya bajeti, na ndicho huwa cha kwanza kukatwa, maana mtu asiye fundi akitazama mchoro anaona njia mbili za ziada zisizotumika.

Tukija kwenye ujenzi wenyewe, wapinzani husema China inajenga madaraja marefu kwa sababu ya fahari. Hoja hiyo ni dhaifu. Beijing hadi Tianjin, asilimia 87 ya njia ipo juu ya daraja, na sababu zake ni za kifundi. Ardhi ya tambarare ile ni laini na inashuka kwa kuvutwa maji ya chini, mashamba ni ghali kuyachukua, na kila barabara ya kijiji inahitaji pa kupitia. Tuta la udongo la kubeba reli hula ardhi pana pande zote mbili. Nguzo hula kipande kidogo.

Halafu kuna faida ya kurudia kitu kimoja. Boriti ya kawaida kwenye njia za mwendokasi ni ya mita 32, ya zege, ina umbo la sanduku lenye uwazi ndani, na ile ya njia mbili za kilomita 350 ina uzito wa tani 900 hivi. Kilomita moja inahitaji boriti 31. Hazimwagwi mahali pake. Zinatengenezwa kwenye karakana iliyo kando ya njia, zinapikwa kwa mvuke ili zege ishike haraka, nyaya za chuma zilizomo ndani zinakazwa kwa hatua tatu kadiri zege inavyokomaa, kisha mirija ya nyaya inajazwa uji wa saruji zisije zikashika kutu. Baada ya hapo gari maalumu linaibeba boriti juu ya boriti zilizokwisha kuwekwa na kuipeleka hadi mwisho wa njia, ambako mashine ya kupandisha inaishusha juu ya nguzo. Njia za kilomita 200 hutumia boriti nyembamba na nyepesi zaidi, kwa utaratibu ule ule. Benki ya Dunia, katika tathmini yake ya mwaka 2019, ilikadiria kwamba njia za mwendokasi za China hugharimu dola milioni 17 hadi 21 kwa kilomita, karibu theluthi mbili ya gharama za nchi nyingine, na usanifishaji wa namna hii ni miongoni mwa sababu.

Mambo huharibika pale boriti inapokutana na tuta. Nguzo imesimama juu ya nondo na zege vilivyozama makumi ya mita chini, haishuki. Tuta lipo juu ya udongo, linashuka. Kwa njia isiyo na kokoto, ambapo reli imefungwa juu ya bamba la zege, kiwango cha China kinaruhusu tuta lishuke milimita 15 tu baada ya ujenzi kukamilika, na tofauti kati ya tuta na daraja isizidi milimita 5. Vifungio vya reli vinaweza kuinuliwa kidogo kufidia, lakini vikifika mwisho wake, kinachobaki ni kuinua bamba lenyewe kwa kudunga dawa chini yake, usiku, treni zikiwa zimelala. Ndiyo maana tuta hupewa angalau miezi 6 ya kupimwa baada ya kujazwa, mara nyingi likiwa limebebeshwa mzigo wa udongo wa ziada ili lishuke mapema. Miezi hiyo 6 haionekani kwenye picha za maendeleo ya mradi. Kiongozi mwenye tarehe ya uzinduzi mfukoni huiona kama uzembe wa makandarasi, na akiikata, wanaolipa ni mafundi wa matengenezo kwa miaka 20 inayofuata.

Kwa njia za kilomita 200 na chini, kokoto bado ni chaguo la heshima. Zinahitaji matengenezo ya mara kwa mara, lakini njia ikishuka, mashine ya kushindilia inainua mataruma na kuyanyoosha kwa usiku mmoja. Kwenye udongo wa delta ulio kama uji, uwezo huo wa kusahihisha kosa ni mali. Ndani ya handaki hali ni tofauti, maana huko ardhi haishuki kirahisi na kubadilisha kokoto ni taabu; bamba linafaa zaidi.

Na handaki ndilo linalovunja bajeti. Metro ya kawaida ya Guangzhou inapita kwenye bomba lenye kipenyo cha nje cha mita 6 hivi. Reli ya kati ya miji ya kilomita 200 kwa saa, yenye waya wa umeme wa volti 25,000 juu yake, inahitaji bomba la zaidi ya mita 8. Sababu ni mbili: waya wa volti nyingi lazima ukae mbali na ukuta, na hewa inayosukumwa na treni inahitaji pa kwenda, la sivyo masikio ya abiria yanauma. Kutoka mita 6 hadi 8.5, upana unaonekana kuongezeka kidogo, lakini kifusi cha kuchimba na kusafirisha kinakuwa maradufu. Chini ya delta mashine hukutana na tope, mchanga wenye maji, mwamba mgumu na mapango ya mawe ya chokaa, wakati mwingine vyote ndani ya kilomita moja. Februari 2018, handaki la metro lililokuwa likichimbwa Foshan liliingiliwa na maji na tope, barabara iliyokuwa juu ikazama, na zaidi ya watu 10 wakafa. Anayesema "tupitisheni chini, tukwepe fidia" anapaswa kujua anachowaomba wachimbaji.

Hapa hoja zinagongana kweli. Nimesema stesheni iwe ndani ya mji. Ndani ya mji maana yake handaki, na handaki maana yake fedha na hatari. Kwa hiyo wapangaji wengi wamekwepa kwa kuiweka stesheni pembeni, kwenye mashamba. Guangzhou Kusini, stesheni kubwa iliyofunguliwa Januari 2010, ipo wilaya ya Panyu, umbali wa kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji. Kwa anayetoka Beijing, saa 8 safarini, kilomita 17 za metro si kitu. Kwa anayetoka mji jirani ulio kilomita 60, muda wa metro hiyo unaweza kulingana na safari yenyewe ya treni.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuipenda stesheni ya pembeni, na hii haikuwa ya kifundi. Serikali za miji ya China zimetegemea sana mapato ya kuuza haki ya kutumia ardhi. Stesheni ikiwekwa kwenye mashamba, ardhi inayoizunguka inapanda bei, mji unaiuza kwa wajenzi wa nyumba, na fedha inalipia sehemu ya reli. Mpango huo ulifanya kazi muda wote ambao nyumba zilinunuliwa. Mwaka 2021 mapato ya ardhi kwa nchi nzima yalikuwa yuani trilioni 8.7, mwaka 2024 yalikuwa yameshuka hadi karibu trilioni 4.9. Idadi ya watu wa China nayo imekuwa ikipungua tangu 2022. Mji mpya uliotegemewa kuizunguka stesheni huchelewa, na stesheni inabaki na uwanja mpana mbele yake. Wapinzani wanapotaja deni la shirika la reli la taifa, lililopita yuani trilioni 6, wanagusa kidonda halisi, ila sehemu kubwa ya deni hilo ni la njia kuu za mbali. Deni la njia za kati ya miji liko zaidi mikononi mwa mikoa na miji, na hao ndio waliokuwa wakiitegemea ardhi.

Serikali kuu yenyewe imeshaona. Mwongozo wa Machi 2021 ulisema kimsingi reli mpya za kati ya miji ziwe za kilomita 200 kwa saa au chini ya hapo, na kwamba isijengwe njia sambamba ya mwendokasi mahali ambapo iliyopo inatumika chini ya asilimia 80 ya uwezo wake. Mwongozo mwingine wa Desemba 2020, kuhusu reli za majiji na vitongoji vyake, ulitaka kasi ya kilomita 100 hadi 160 na umbali wa wastani usiopungua kilomita 3 kati ya vituo. Ni breki zilizokuja kwa kuchelewa, lakini zimekuja mahali pake.

Upande wa uendeshaji ndiko faida kubwa inakopatikana kwa fedha kidogo, na kinachoshangaza ni muda uliopotea kabla ya kulifanya hilo. Kwa utaratibu wa reli ya taifa, abiria anakata tiketi ya treni maalumu kwa kitambulisho, anafika mapema, anapita ukaguzi, anakaa ukumbini, na geti linafungwa dakika kadhaa kabla ya treni kuondoka. Kwa safari ya kwenda Beijing utaratibu huo una mantiki. Kwa safari ya dakika 25 ni adhabu. Guangdong, mkoa wenye delta hii, ilianza kuachana nao Novemba 2020, ilipofungua njia ya kwenda mji wa Qingyuan chini ya kampuni tanzu ya metro ya Guangzhou, na Mei 2024 ikaupeleka mtindo huo kwenye njia nzima ya Zhaoqing hadi Huizhou. Ukitoa dakika 20 za kusubiri kwenye safari ya kilomita 50, umefanya zaidi ya kile ambacho kilomita 350 kwa saa ingeweza kukufanyia. Fedha iliyotumika ni ya mageti, programu na mafunzo.

Treni zenyewe ziliandaliwa vizuri kuliko ratiba. CRH6A, ya mabehewa 8, ina mwendo wa hadi kilomita 200 kwa saa; nduguye CRH6F inafika 160 lakini inaondoka kituoni kwa nguvu zaidi. Tangu 2016, njia za delta hii zilikuwa za kwanza nchini kutumia mfumo wa ishara wa CTCS-2 ukiwa umeongezewa uendeshaji wa kujiendesha, ili treni isimame sawasawa na milango ya jukwaani. Mfumo wa namna hiyo ulinunuliwa ili treni zifuatane kwa dakika chache. Ukitumika kuendesha treni moja kwa saa, ni sawa na kununua jahazi la kuvukia kijito.

Kuna hoja moja ya wapinzani ambayo watetezi huikwepa, nayo ni ya haki: mji mkubwa hunyonya mdogo. Reli ni ya pande mbili. Ikimleta mfanyakazi wa Guangzhou kupanga nyumba ya bei nafuu Qingyuan, ndiyo hiyo hiyo inayompeleka mnunuzi, mgonjwa na kijana mwenye shahada wa Qingyuan hadi Guangzhou. Duka la kati na hospitali ya kati hupoteza wateja. Jibu la kwamba "soko litajipanga" halitoshi. Lakini dawa ya kutojenga reli haimkingi mji mdogo pia, maana vijana wake huhama kabisa badala ya kwenda na kurudi. Kinachomsaidia ni treni za asubuhi zinazokwenda pande zote mbili kwa wingi ulio sawa, ili kiwanda kilichopo mji mdogo nacho kiweze kumpata mhandisi anayeishi mji mkubwa. Ratiba inayomimina watu asubuhi na kuwarudisha jioni inaufanya mji mdogo kuwa bweni.

Njia mbadala ya bei nafuu ipo: kurefusha metro mpaka mji wa jirani. Guangzhou na Foshan ziliunganishwa hivyo Novemba 2010, na tangu Juni 2023 mtu anaweza kutoka Shanghai hadi Suzhou kwa metro tupu, akibadilisha Huaqiao. Kwa miji iliyoshikana, kilomita 20 au 30, hakuna reli ya kati ya miji inayoweza kushindana na metro, na isijaribu. Zikizidi 40, vituo vya kila kilomita moja na nusu vinaigeuza safari kuwa mateso. Na metro nyingi zinatumia umeme wa volti 1,500, reli zinatumia 25,000, hivyo treni ya huku haiingii kule. Mpaka kati ya mifumo hiyo miwili ukishachorwa, abiria ndiye anayebeba mabegi kuuvuka.

Afrika Mashariki kosa la stesheni tunalijua kwa miguu yetu. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa na kampuni ya China kwa viwango vya China na kufunguliwa 2017, inaishia Miritini na Syokimau, mbali na katikati ya miji yote miwili. Kwa safari ya karibu kilomita 480 abiria amevumilia. Wazo hilo hilo likihamishiwa kwenye reli ya miji iliyo kilomita 50 au 80, halitavumilika, na watakaolipendekeza watakuwa na takwimu nzuri za gharama kwa kilomita.

Kwa hiyo nikipima, nasimama upande wa kujenga, kwa masharti yanayoubadilisha mradi. Kasi iwe 160 pale ambapo umbali kati ya vituo haufiki kilomita 8. Fedha inayookolewa kwenye kipenyo cha handaki na umeme iende kwenye njia za kupishana na kwenye kilomita 5 za mwisho za kuingia mjini. Kipande kisifunguliwe kabla hakijafika mahali ambapo watu wanakwenda. Na mkataba wa kugharamia treni za kutosha kwa miaka 10 ya mwanzo, hata zikiwa hazijajaa, usainiwe na miji yote inayopitiwa kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa, kwa kuwa abiria wa kila siku huhamia reli baada ya kuiona ratiba ikisimama imara, si kabla.

Metro namba 18 ya Guangzhou, iliyofunguliwa Septemba 2021, inakaribia sana picha hiyo. Kasi ni 160, umeme ni volti 25,000 kama wa reli, na kutoka Nansha kusini hadi Xiancun, kwenye majengo marefu ya biashara, kulikuwa na stesheni 8 tu katika kilomita 58. Njia ya Zhaoqing na Huizhou inakutana nayo Panyu. Abiria wa Huizhou mwenye kazi katikati ya Guangzhou anashuka hapo, anabadilisha jukwaa, anaendelea. Namba ya kuomba kutoka kwa waendeshaji ni dakika anazotumia kati ya jukwaa moja na jingine saa 2 asubuhi, watu wakiwa wamejaa.